Wanamwita Paluku

Butembo, 30 Juni, asubuhi

Baridi. Ukungu umekalia mabati tangu alfajiri, na ukiondoka utatuachia vumbi. Butembo ni hivyo wakati wa kiangazi, ukungu au vumbi, na vyote viwili vinaingia ndani bila hodi. Nimefagia chumba chetu. Nimefagia mlangoni. Nimefagia hata baraza ya Mama Zaituni, mwenye nyumba, ambayo hakuna aliyeniomba niifagie. Mtoto amelala, chai imepoa, na mimi nasimama, nakaa, nasimama tena.

Leo ni siku ya uhuru. Hakuna gwaride mwaka huu. Redio imesema watu wabaki nyumbani watafakari, kwa sababu ya vita. Kakule, mume wangu, alicheka peke yake mbele ya kioo akinyoa ndevu. "Kutafakari tena? Tumetafakari mpaka kichwa inauma." Kisha, kwa sababu alijua ninachotaka kuongea, akatoka kwenda kuosha lori la watu ambalo lilikuwa limeshaoshwa jana.

Sisi wa huku uhuru na uasi tumevipata kwa mkupuo mmoja. Bibi alimzaa mama porini, wakati wa waasi wa kwanza, bendera ikiwa bado mpya. Mama alinizaa Beni wakati waasi wengine walikuwa wameifanya Beni mji wao mkuu, wana mawaziri wao na ofisi zao, na askari waliokuwa wanakula kuku za watu kwa Kilingala. Mimi nimezaa wakati wa hawa wa sasa, ambao tukitaka kuwataja tunageuka kwanza kutazama nyuma. Kwetu humuulizi mtu mwaka aliozaliwa. Unamuuliza alizaliwa wakati wa waasi gani.

Nimeandika kwamba nimezaa. Ndilo jambo lenyewe linalonikosesha kukaa, basi niliseme.

Mtoto wetu anaitwa jina ambalo siyo lake.

Wewe unayesoma hapa, kama wapo wanaosoma, labda si mtu wa huku, kwa hiyo nieleze. Kwetu Wanande jina la mtoto halitafutwi, linamsubiri. Kwa ukoo wa Kakule mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Ndiyo maana mtu akisikia tu jina la mume wangu anajua kwamba kwao kuna wavulana watatu waliomtangulia kwenye sahani, na anamuonea huruma. Jina la kanisa linakuja baadaye, unachagua unalopenda. Lakini hili la kwanza huchagui. Ni hesabu.

Na huyu aliyelala hapa, ngumi zake zimefungwa kama anataka kupigana na baridi, ni mvulana wetu wa pili.

Wa kwanza tulimzika Beni. Hapa Butembo hakuna anayejua.

Tulikuwa tunakaa upande wa Ruwenzori, Beni, mtaa wenye joto na harufu ya kakao inayoanikwa mbele ya nyumba. Mimi nilikuwa nashona, Kakule alikuwa ananunua kakao kwa niaba ya mfanyabiashara mmoja. Paluku wetu alikuwa ameanza kukaa mwenyewe. Akiona kuku alicheka mpaka anaanguka ubavu, tunamkalisha, anamuona tena kuku, anaanguka tena. Akapata homa. Siku ambayo homa ilizidi ndiyo siku ambayo mji ulifungwa kwa sababu ya risasi. Tulitoka, tukarudishwa, tukapita njia nyingine, na tulipofika hospitali, yote yalikuwa yamekwisha. Sina nguvu ya kuandika zaidi ya hapo. Kakule pia hajawahi kusema zaidi ya hapo.

Baada ya matanga hatukuweza kukaa tena Beni. Kila jioni watu wa mtaa walikuwa wanabeba magodoro kwenda kulala sehemu zingine, na mimi kila nikimuona kuku nalia. Tukasema Butembo. Butembo kuna biashara, Butembo mtu akikusalimia anakuuliza papo hapo unauza nini. Tutaanza upya. Ndivyo wanavyosema vijana wote wanaofunga mizigo, tutaanza upya, utafikiri wao wenyewe watabaki nyuma na watu wengine ndio watasafiri.

Nyumba ya kwanza tuliyoiomba ilikuwa juu ya kilima, mwenyewe ni mzee mpole. Akatuuliza kama tuna watoto. Nikamwambia ukweli, tulikuwa na mmoja, homa ilimchukua. Akauliza tunatoka wapi hasa. Nikasema Beni, ila mama yangu anakaa Mabalako, na mtoto alikuwa amepelekwa huko kumuona bibi yake. Ule ugonjwa mkubwa wa kuambukiza, ulioanzia upande huo wa Mabalako, ulikuwa umeisha, redio zilishatangaza kwamba umeisha. Lakini homa na Mabalako katika mazungumzo yale yale! Niliuona uso wake ukibadilika. Jioni alituma mtu kutuambia kwamba chumba kimepata mwingine.

Wakati tunashuka kile kilima na mizigo yetu, Kakule aliniambia kwamba hatutasema tena. Nikakubali. Nilikuwa nimechoka, na mvua ilikuwa inakuja.

Ndipo tukafika kwa Mama Zaituni. Ni mama wa Kiislamu, anauza vitenge sokoni, ana sauti inayovuka barabara. Mume wake, Papa Idi, ana lori linaloleta maharagwe na viazi kutoka Kayna. Mama Zaituni alitutazama kuanzia viatu mpaka kichwani akauliza, "Muko na batoto?" Kakule akajibu haraka, "Bado, mama. Tulioana juzi tu." Akacheka, akasema chumba chenyewe ni kidogo, kinafaa watu wanaopendana. Wiki iliyofuata Papa Idi alimchukua Kakule kwenye lori. Kwa hiyo chumba na kazi, vyote viwili, vimesimama juu ya neno moja la uongo, nalo lilitamkwa na mtu ambaye hajui kudanganya hata bei ya nyanya.

Nikapata mimba. Hapo ndipo mambo yakawa mchezo wa kuigiza.

Wanawake wa parcelle yetu, yaani huu uwanja mmoja wenye nyumba nne, walinishika kama yai. Mimba ya kwanza! Mama Éliane, jirani anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, alinifundisha kula, kulala, kukaa, hata kupumua. Na mimi nilikuwa naitikia ndiyo mama, ndiyo mama, wakati tumbo langu linajua njia yote. Baada ya kujifungua walikuja kunionyesha jinsi ya kumuosha mtoto. Mikono yangu ilitaka kwenda yenyewe. Niliizuia. Nikamshika kichwa vibaya kwa makusudi ili wanirekebishe, na Mama Zaituni akanirekebisha kwa furaha kubwa, mikono yake juu ya mikono yangu, akaniita mwanafunzi wake. Nilicheka nao. 

Lakini kosa lenyewe hawakulitegemea wao wala hatukulitegemea sisi. Hawakuuliza jina la mtoto. Mgeni angeuliza. Wao ni watu wa huku huku, hata Mama Zaituni na swala zake ni binti wa Butembo, kwa hiyo walihesabu wenyewe. Mtoto wa kwanza, mvulana, wa kina Kakule. Nilipotoka kujifungua maternité, ile moto, pikipiki ya kukodi, ilipoingia uwanjani, wote walikuwa wameshajipanga: "Karibu, Mama Paluku!"

Na mimi niligeuka nikitabasamu.

Niligeuka kwa sababu Beni hilo ndilo lilikuwa jina langu. Kwa kitambo kidogo sana nilikuwa nyumbani, mtu ameniita kwa jina langu, nimeitika. Kisha nikawaona wanamtazama huyu niliyembeba.

Tangu siku hiyo ni Paluku huku, Paluku kule. Paluku amenyonya? Paluku amelia nini? Leteni maji ya Paluku. Na Kakule, ambaye tangu tulipofukia lile kaburi hajatamka jina hilo hata mara moja, sasa analitamka akiingia, akitoka, akivua viatu. Anainama juu ya kitanda anasema Paluku, na uso wake unalegea. Ninamtazama na ninamchukia. Nimeandika, siwezi kufuta. Ninamchukia kwa kitambo hicho kidogo, halafu ananiletea chai na ninampenda tena na inanichosha.

Niwe mkweli kabisa. Juzi nilikuwa namuosha mtoto, hakuna mtu karibu, nikamwita Paluku. Nilitaka kujaribu tu. Ilikuwa tamu. Ilikuwa kama mtu ameniambia kwamba yale yote hayakutokea, kwamba tulichelewa tu kurudi. Nikaogopa, nikamfunga mtoto haraka kwenye kitambaa na maji hayajamkauka mgongoni.

Nimeongea na Kakule. Anajibu sentensi moja, acha tu. Jina ni jina. Nikisema jina lina mwenyewe, anasema, na ukiwaambia, watauliza alikufa na nini. Hapo namwelewa. Tutaenda wapi na mtoto mchanga katika baridi hii? Beni? Jana tu simu zimeleta habari za Beni na sikutaka kuzisoma mpaka mwisho.

Na leo ndiyo leo. Mama Zaituni ameamua kwamba kwa kuwa ni sikukuu na malori hayatembei, parcelle nzima itakula pamoja kumpokea mtoto. Ninamsikia akitwanga sombe, majani ya muhogo, mchi unapiga mpaka ukuta wetu unatikisika. Makayabu, samaki wa chumvi, yamelowekwa tangu jana. Mchana Papa Idi, kwa kuwa ndiye mkubwa wa uwanja huu, atamshika mtoto na kusema jina lake mbele ya watu. Mkubwa akishalisema mbele ya watu, limekwisha, ndilo.

Nikinyamaza, mtoto wangu wa kwanza atakuwa hajawahi kuzaliwa. Mwingine amekaa kwenye nafasi yake, anavaa jina lake, na mama yake mwenyewe amepiga makofi. Nikisema, huyu wa pili anaweza kukosa paa kabla kitovu hakijapona vizuri.

Nimeshindwa kuamua. Nimeinuka, nimefagia tena. Ukungu umeanza kuondoka. Mama Zaituni ananiita nikachambue mchele.

Mama Paluku, njoo basi!

*

Jioni

Narudi hapa. Ninafuta maneno mengi kuliko ninayoyaandika, lakini nisipoandika sitalala.

Walikuja wengi. Viti vya plastiki vilikopwa mpaka barabara ya pili, watu wamevaa masweta, watoto wanakimbizana kuzunguka lori. Papa Idi alivaa kofia yake nyeupe na koti la suti. Ni mtu mkubwa wa mwili, mdogo wa maneno, Mama Zaituni anaongea kwa niaba ya wote wawili. Alimchukua mtoto kutoka kwangu, akamuweka kwenye mkono mmoja kama mkate, akangoja watu watulie.

"Tunamupokea huyu mutoto mu parcelle yetu," alisema. "Mungu amukuze. Ni Paluku, mutoto ya Kakule."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya ndizi. Ningependa kuandika kwamba niliamua, kwamba nilikuwa jasiri. Sikuamua kitu. Nilisikia sauti yangu tu.

"Hapana, Papa Idi. Munisamehe. Ni Kambale."

Vigelegele vilikatika. Katika mji huu hata Jumapili kuna mtu anagonga bati mahali, lakini kwa kitambo hicho sikusikia chochote.

Kila mtu pale anajua hesabu ya majina kama anavyojua njia ya kwenda kisimani. Niliwaona wakihesabu. Mama Éliane alihesabu kwa midomo. Kambale ni wa pili. Wakamtazama mtoto, wakanitazama mimi, kisha wakatazama pembeni yangu, chini kidogo, pale ambapo mtoto anayeanza kutembea angesimama akishika kitenge cha mama yake.

"Kambale?" Mama Zaituni aliuliza. "Na Paluku eko wapi?"

"Alikufa, mama. Kule Beni."

Nilitegemea woga. Sikutegemea hasira. Alisimama na kijiko cha sombe mkononi, macho yamejaa maji. "Donc mulikuwaka na mutoto? Na mie nilikufundisha kuosha mutoto, nikakushika mikono, kumbe unajua? Juu ya nini mulinifanya mujinga vile, mu nyumba yangu?" Nilitaka kumwambia kwamba hakuna siku niliyomcheka, kwamba mikono yake juu ya mikono yangu ndiyo kitu kizuri nilichokipata Butembo. Alikuwa ameshaingia ndani. Mlango ukafungwa.

Papa Idi bado alikuwa amemshika mtoto. Akauliza lile swali.

"Alikufa na nini?"

Nikasema homa. Nikaongeza malaria, haraka, lakini homa ilikuwa imeshatangulia. Mama Éliane aliweka sahani yake chini. Akaenda kwenye ndoo yenye bomba pale kwenye kona, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, polepole, bila kunitazama. Simlaumu. Dada yake aliondoka na ule ugonjwa, hakuruhusiwa hata kumgusa. Simlaumu, lakini iliniuma sana, kwa sababu jana mikono hiyo hiyo ilikuwa inambembeleza mwanangu.

Kakule alikuwa ameegemea gurudumu la lori. Nilimuona akitazama geti. Nilifikiri, ataondoka, ataenda kutembea mpaka giza kama anavyofanya, na mimi nitabaki hapa na sinia ya ndizi. Akaja mbele. Akasimama karibu na Papa Idi, akawa anamtazama mtoto tu, na hivyo ndivyo alivyoongea, kama anamwambia mtoto.

"Haikukuwa ile ugonjwa. Ku hopital walimupima hata kisha kufa. Ilikuwa malaria. Siye ndiye tulichelewa."

 Akaendelea, na kuanzia hapo sikuwa ninajua atakachosema, kwa sababu hakuwahi kukisema hata kwangu.

"Ni mie nilikuwa namubeba. Bibi yangu, huyu mama yake, alikuwa nyuma na sakoshi ya nguo. Basoda na bunduki zabo baliturudisha pa barrière, tukapita mu mashamba ya kakao. Nilikuwa namuita. Paluku, Paluku. Nikimuita alikuwa anafungua macho. Kisha hapana tena. Tulikuwa hatujafika hata barabara kubwa. Nilijua. Mais sikusimama. Niliendelea tu kumuita, juu mama yake asikie kama ningali namuita."

Nilikaa chini. Sijui sinia ilienda wapi.

Mimi nilidhani alifia mlangoni pa hospitali. Nimekuwa nikidhani hivyo wakati wote huu. Nilikuwa nyuma yao katika ile njia ya kakao, siwaoni vizuri kwa sababu ya majani, miguu imekwisha, na kilichonisukuma kilikuwa ni sauti ya Kakule mbele ikiita Paluku, Paluku. Nilijiambia, maadamu anamwita, yuko. Nilitembea juu ya sauti hiyo mpaka barabara kubwa, mpaka hospitali. Na yeye alikuwa anamwita mtoto aliyekwisha kuondoka, kwa ajili yangu, njia yote hiyo, na hakulia.

Kakule alipangusa uso kwa mkono wa sweta. "Huyu nikimuita Paluku, anafungua macho," akasema. "Ni hiyo tu. Ni juu ya ile nilikuwa namuita vile."

Nimemuonea huruma. Nimemkasirikia pia, kwa kunificha kifo cha mwanangu, kwa kunitembeza nikiwa na tumaini. Na nimejionea aibu, kwa sababu wiki yote hii nilifikiri amemsahau wa kwanza ndiyo maana jina linamtoka kirahisi. Hisia zote tatu bado zipo hapa chumbani na sijui niziweke wapi.

 Papa Idi hakunirudishia mimi mtoto. Alimpa Kakule.

"Pole," alisema. "Gari ya Kayna inatoka kesho asubuhi mapema. Usichelewe."

Ni hayo tu aliyoyasema. Akachukua kiti chake akakirudisha mwenyewe barazani.

Watu wengine walikula kidogo, kwa adabu. Wengine waliaga. Mama mmoja mzee ambaye simjui jina alipita akaniwekea sabuni mapajani, zawadi aliyokuwa amekuja nayo, akasema wasingya, asante, sijui alikuwa ananishukuru nini. Mama Éliane aliondoka bila sahani yake. Nimeiosha, nimeifunika, kesho nitampelekea mimi mwenyewe. Akitaka kuipokea ataipokea. Akitaka naye kuiosha tena mbele yangu, aioshe.

Mlango wa Mama Zaituni bado umefungwa. Kwa hiyo kazi ya Kakule ipo, nadhani ipo, lakini chumba sijui. Nyumba ni ya Mama Zaituni, lori ni la Papa Idi, ndivyo walivyogawana tangu zamani. Nimeenda kusimama mbele ya mlango wake, nimenyanyua mkono nibishe, nimeushusha. Ninasikia redio yake ndani, kwa hiyo hajalala. Nimerudi. Nitaenda tena kesho, Kakule akishaondoka, nimwambie kila kitu kuanzia kile kilima na yule mzee mpole. Nitamwambia pia jinsi Paluku alivyokuwa anawacheka kuku. Je, akisema tuhame? Tutahama. Sitarudisha neno langu.

Nimeandika hivyo kwa nguvu sana, lakini naangalia mabati juu ya kichwa changu na naomba.

Jua linashuka nyuma ya kile kilima chenye mikaratusi na baridi imeanza kurudi. Tumekaa mlangoni, Kakule na mimi, mtoto kwenye mapaja yake.  Simu iko mkononi mwangu na naona ananitazama nikiandika, hajauliza ninaandika nini.

Sasa hivi ameinama. Amesema, "Kambale."

Amelisema kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Amengoja. Akasema tena, kwa sauti zaidi kidogo, "Kambale."

Mtoto hakufungua macho.

Niliacha kuandika. Niliuona mgongo wa Kakule ukikakamaa, nikamshika mkono. Akaweka kidole chini ya pua ya mtoto, akakiacha pale, na sote wawili tukangoja.

"Eko analala," akasema. "Eko analala tu."